Kuwa Abner kwa Asubuhi Moja

Siku mlima ulipomchukua Abner Makori, Walter Machogu alikuwa Kisii mjini, nyuma ya soko la ndizi, akimuuzia mwalimu mmoja saa ya mkononi ambayo ndani yake hamkuwa na kitu. Mwalimu aliitikisa, akaiweka sikioni, akauliza mbona haitembei. Walter akamweleza kwa upole kwamba saa za Uswisi hazitembei ovyo mbele ya mtu zisiyemjua. Lazima zimzoee kwanza. Mwalimu akaona aibu kwa kutojua jambo hilo, akalipa.

Ilikuwa Jumatano, mwaka wa nne wa Uhuru, na mvua za masika zilikuwa zimesahau njia ya kurudi kwao.

Kule juu ya Ikonge, Abner alikuwa ametoka nyumbani salama. Hilo watu hulisahau. Mkewe Drusilla alikuwa sokoni na ndizi zake. Abner alisikia mlima ukinguruma, akatoka, akafika barabarani, kisha akamkumbuka ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba. Akarudi. Udongo ukateremka na migomba, na chai changa, na nyumba ya nyasi, na yeye. Vijana walichimba hadi Sabato ikawasimamisha, na Jumapili wakachimba tena. Ng'ombe alipatikana. Abner hakupatikana.

Habari zilifika Kisii jioni ileile. Wengine walivua kofia, wengine walitikisa vichwa. Walter, ambaye alikuwa na moyo wa kupenda mambo ya maendeleo, aliuliza swali moja tu.

"Serikali imesema nini?"

Serikali, haki isemwe, ilisema mengi. Kwanza alikuja bwana mkubwa kutoka Nairobi. Aliutazama mlima kwa muda mrefu, kisha akaukemea. Alisema Serikali haitavumilia maporomoko ya namna ile katika nchi huru. Watu wakapiga makofi, mlima ukanyamaza, na wengi wakaamini kwamba umesikia. Baadaye ikaundwa Kamati ya Kujenga Upya, ambayo ilianza kwa kujijengea ofisi, ili ipate uzoefu. Halafu ukaja ubao mkubwa wenye maandishi meupe, ukasimamishwa palepale zilipokuwa nyumba, kuwaarifu waliofukiwa kwamba msaada u njiani. Mvua iliyofuata iliuchukua ubao. Yakaja mahindi ya manjano, ambayo hata kuku waliyazunguka kwanza kabla ya kuyadonoa. Na mwishowe, baada ya waathiriwa kuzoea kulala jikoni kwa watu, yakaja mabati.

Mabati hayo yalikuwa mapya kabisa. Yalifungwa kwa mafungu, pamoja na mbao na misumari, na kila mji uliopoteza nyumba ulikuwa na fungu lake katika stoo ya Ikonge. Karani wa stoo alikuwa Benard Aloo, kijana wa kutoka ziwani, mpole, asiyeweza kunyamaza akinywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine. Siku moja alishuka Kisii kwa shughuli zake, na aliyemlipia chai alikuwa Walter.

"Kuna fungu moja limelala pale hata buibui wamelijengea," Benard alisema, akichovya andazi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Chini ya mlima."

"Na mkewe?"

"Mkewe alikuja. Akaambiwa mabati hupewa mwenye mji, mwanamume, akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na wazee wawili wa kumshuhudia. Akasema mzee yuko chini ya udongo. Akaambiwa basi alete cheti cha kifo. Akaenda hospitali. Hospitali ikamwambia alete maiti." Benard aliipuliza chai. "Sasa mama yule hana mume, na bado si mjane."

"Ni nani, basi?"

"Kwetu sisi wa ofisi? Ni mtu anayesubiri."

"Si ana mtoto wa kiume?"

"Anaye, Nyasani, yuko Kericho kwenye chai. Lakini nyumba ya Nyasani ilibaki imesimama, kwa hiyo yeye hakuathirika. Ni baba yake tu aliyekufa." Benard alimaliza andazi kwa masikitiko ya kweli. "Ijumaa ijayo ndiyo mwisho. Yasiyochukuliwa yanarudi Kisii, wapewe wahitaji."

Walter aliwafahamu wahitaji hao. Mmoja wao alikuwa tayari amechimba msingi wa baa.

Mtu mwingine angeona huzuni katika habari hiyo. Walter aliona kazi iliyokosa mtu wa kuifanya. Mwenye mji alitakiwa awe mwanamume, na yeye alikuwa mwanamume. Alitakiwa asimame kwa miguu yake, na Walter alikuwa nayo miwili, ndani ya viatu vya rangi ya kahawia ambavyo alivipata kwa mchungaji mmoja kwa njia ndefu. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshakubaliana kichwani na mfanyabiashara wa mabati, na kufikia alasiri alikuwa amekubaliana naye kwa mdomo. Akakodi lori na kumwachia mwenye lori koti lake la sufi kuwa rehani.

Alimkuta Drusilla jikoni kwa jirani yake Esnah, ambako alikuwa akilala tangu siku ile. Paa la Esnah lilivuja mahali pengi, na Drusilla alikuwa anasogeza mkeka wake kutoka tone hadi tone, bila haraka, kama mtu anayecheza bao na mvua. Kando yake alikaa Gesare, mke wa Nyasani, akichambua mboga. Nyumba ya Gesare ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nzima na kavu, lakini kwa mama kulala daima chini ya paa la mkwewe ni kukiri kwamba hana tena mji wake. Drusilla alikuwa hajakiri.

Walter alitoa pole. Alikuwa bingwa wa pole. Aliweza kuifanya sauti yake iteteme pale anapopenda. Kisha akaeleza shauri lake. Atakuwa Abner kwa asubuhi moja tu. Atasimama, atapiga dole gumba, mabati yatatoka. Robo yake, yaliyobaki ya mama.

Hakutaja lori.

Gesare aliacha mboga. "Wewe ni wa wapi?"

"Marani, dada. Lakini nimekaa mjini tangu utoto."

"Inaonekana. Huna hata mwiko unaokutisha."

"Dada, mimi namwogopa Mungu na Serikali."

"Kwa mfuatano huo?"

"Inategemea nani yuko karibu."

Drusilla hakucheka. Alikuwa anamtazama Walter kama mtu anayetazama mti na kuwaza ni nguzo ngapi zitatoka humo. Hatimaye akasema, "Abner hakuwa mtu wa maneno mengi."

"Nitanyamaza, mama."

"Alikuwa anafuata desturi zote. Za kanisa na za wazee."

"Nitazifuata."

"Kwa sababu ukiwa Abner nusunusu, watakushika, na sisi watatushika. Ukikubali, uwe Abner kamili. Kuanzia pale Ikonge hadi nyumba isimame."

"Mama," Walter alisema, mkono kifuani, "mimi nikiwa mtu, huwa mtu huyo hadi kwenye mifupa."

"Haya," Drusilla akasema, na akausogeza mkeka.

Ijumaa, mbele ya stoo ya Ikonge, Bwana D.O., mkuu wa tarafa, alihutubia. Alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mbali, hakujua neno la Ekegusii, na aliipenda kazi yake kwa dhati. Alisema mabati si mabati tu, mabati ni taifa. Watu walioketi kwenye matope wakatikisa vichwa kwa heshima, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama taifa litakuja na misumari ya kutosha.

Benard aliita jina la Abner Makori. Hakutazama juu, kwa sababu jina hilo lilikuwa limekwisha kuitwa mara nyingi bila jibu.

"Nipo," Walter akasema.

Umati wote ukageuka. Walter alikuwa amevaa shati la Abner lililookolewa kwenye kamba ya nguo, na kofia iliyobonyea. Alisimama akiinamisha kichwa, mnyenyekevu, mtu aliyetoka mbali sana. Alieleza kwa sentensi chache kwamba udongo ulimbeba hadi bondeni, kwamba wasamaria walimwokota, na kwamba kichwa chake kilikuwa kimesahau jina lake hadi juzi, alipolisikia kwenye baraza. Zilikuwa sentensi nzuri. Moja alikuwa ameitumia zamani kwa kampuni ya bima.

Bwana D.O. alisimama wima. "Nani anamshuhudia mtu huyu?"

Mzee Ongeri akajikongoja mbele. Alikuwa ametahiriwa pamoja na Abner, na alimjua kama anavyojua goti lake mwenyewe. Alimzunguka Walter mara moja, polepole, akitumia fimbo.

"Ndiye," akasema. "Isipokuwa amerefuka."

"Udongo humvuta mtu," mzee wa pili akaeleza.

"Na sikio hili halikuwa hivi."

"Nalo lilivutwa."

"Basi ndiye," akahitimisha Mzee Ongeri, na watu wote wa kilima kile, wanawake kwa wanaume, wakasema kwa pamoja kwamba ndiye, na Esnah akatoa machozi ya kweli, maana kuyapata hakukuwa kazi ngumu siku zile. Walter aliguswa. Katika miaka yote ya kudanganya watu alikuwa hajawahi kusaidiwa na watu wengi kiasi kile, tena bila mshahara. Angekuwa mjini angejiuliza kwa nini.

Benard alimtazama kwa muda mrefu mtu aliyemlipia chai. Kisha akamtazama Drusilla, aliyekuwa amesimama nyuma na mikono ndani ya leso. Akasukuma kidau cha wino mbele. "Dole gumba hapa, mzee. Pole kwa safari."

Bwana D.O. alifurahi kupita kiasi. Hapo awali juhudi za Serikali zilikuwa zimewarudishia watu mablanketi. Sasa zilikuwa zimemrudisha mtu. Alimshika Walter mkono kwa muda mrefu, na alipoambiwa kwamba mzee amekuja na lori lake mwenyewe, karibu alie. "Huyu ndiye mwananchi tunayemtaka," alisema. "Na kwa sababu kuna watu waovu wanaouza mabati njiani, nitampa askari amsindikize hadi nyumbani, na akae naye hadi nyumba isimame."

Walter alisema hapana haja ya kuisumbua Serikali. Bwana D.O. alisema Serikali haisumbuki.

Askari aliitwa Obura. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, aliyeioa kazi hiyo tangu enzi za Wazungu, na alipanda juu ya mabati akaketi kama kuku juu ya mayai. Lori badala ya kushuka Kisii likapanda mlima. Walter alikuwa bado hajakata tamaa. Askari hula, askari husinzia. Mabati yakishushwa uani, yeye na dereva wangeyapakia tena wakati Obura akiwa na bakuli la uji mkononi.

Lakini uani hakukuwa na mtu mmoja wala wawili. Lilikuwapo risaga zima, lile kundi la majirani linalolimiana na kujengeana kwa zamu, na vijana walikuwa wamevua mashati tayari.

"Tuweke wapi?" mmoja akauliza.

"Kwangu," Gesare akasema kutoka mlangoni kwake. "Ndiyo nyumba pekee iliyosimama katika mji huu. Yasije yakalowa."

Mabati hayalowi, na kila mtu alilijua hilo, lakini kabla Walter hajafungua kinywa mafungu yalikuwa yameshapita juu ya kichwa chake kama maji ya mto, mbao, misumari na yote, yakaingia ndani. Gesare akasimama kizingitini. Aliteremsha macho hadi chini, kama inavyompasa mke wa mwana, akasema kwa sauti laini ambayo Walter hakuwahi kuisikia kwake, akimwita baba kwa Ekegusii:

"Tata, karibu nyumbani. Kiti chako kiko kule nje, chini ya mparachichi."

Ndipo Walter akaelewa, na jambo hilo lilimwingia kuanzia kwenye nyayo.

Baba wa Kigusii haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima na aibu vilivyofungwa kwa kamba moja. Haingii kwa mvua, haingii kwa ugonjwa. Nyumba ikiungua atasimama nje akipiga kelele. Kuna wanaume wamekufa wazee na hawajui jiko la mkwe wao liko upande gani. Walter alilijua hilo kama alivyojua jina lake la kweli. Ni kwamba mjini, katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na mpangaji mwenzake na kuku wa mpangaji mwenzake, mtu husahau kwamba milango mingine ina sheria. Alikuwa amefikiria dole gumba, ushahidi, lori, soko. Hakufikiria kwamba mtu akichukua jina la mwingine huchukua na wakwe zake.

"Mwanangu," alijaribu, "yatoeni kidogo niyahesabu."

"Tata, nani atayatoa? Vijana wamechoka."

"Basi mimi mwenyewe..."

Aliinua mguu. Alitaka tu kuusogeza. Uani pakawa kimya hivi kwamba kuku alisikika akimeza. Mzee Ongeri aliacha kutafuna. Wanawake walikuwa tayari wameweka mikono vinywani, na Obura, aliyekuwa akilegeza mkanda, akaacha kuulegeza.

"Mzee," Obura akasema polepole, "hata kwetu ziwani baba hafanyi hivyo. Ni mtu gani anaingia nyumba ya mkaza mwanawe?" Akamtazama Walter kwa jicho jipya, la kazi. "Au wewe siye baba?"

Walter aliurudisha mguu. Hesabu ilikuwa fupi. Akiwa Abner, mabati ni yake na hawezi kuyagusa. Akiwa Walter, anaweza kuyagusa, kwa muda wote ule wa kutoka mlangoni hadi pingu. Akaenda chini ya mparachichi akaketi.

Dereva wa lori, ambaye ndiye mwenye lori, alipiga honi, akangoja, akapiga tena, kisha akashuka Kisii akiwa na matumaini yote juu ya lile koti la sufi.

Walter alimkamata Drusilla karibu na kisima. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana na Walter," Drusilla akasema, akijitwika mtungi. "Walter sijamwona tangu asubuhi. Ukimwona, mwambie robo yake ipo. Aje aichukue, mbele ya askari."

Walter alitaka kusema kitu. Alikuwa amewapokonya watu vitu kwa maneno maisha yake yote; sasa alikuwa ameahidi kuwa mtu asiye na maneno mengi.

Siku iliyofuata ilikuwa Sabato, na Abner Makori alikuwa Mwadventista, kwa hiyo Walter alikwenda kanisani. Aliimba nyimbo asizozijua. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa mambo yote anayoyatenda, "hata yale tusiyoyaelewa vizuri," na washiriki wakaitikia amina nzito sana.

Baada ya ibada wazee waliketi, wakagundua kwamba mtu aliyetoka chini ya ardhi hawezi kula na watu kabla ya kuwachinjia mbuzi. Desturi hiyo ilikuwa ya kale mno. Ilikuwa imezaliwa alasiri ileile.

"Sijawahi kuisikia," Walter akasema.

"Utaisikiaje?" Mzee Ongeri akamwuliza. "Umewahi kufa kabla?"

Jua lilipotua na Sabato kwisha, viatu vya kahawia vilikwenda, mbuzi akaja. Obura alisema hajala nyama nzuri namna hiyo tangu ahamishwe.

Jumapili kazi ikaanza. Mwenye mji huchimba shimo la kwanza, kwa hiyo Walter alichimba. Mwenye mji hakai akitazama, kwa hiyo Walter alibeba nguzo, akakanyaga matope miguu mitupu, akapasua fito hadi viganja vyake, ambavyo havikuwahi kushika kitu kizito kuliko pochi ya mtu, vikatoka malengelenge. Alichagua mahali pa juu palipokuwa na mwonekano mzuri wa barabara. Drusilla akamsogeza chini, upande wa pili, mbali na mlima. Vijana wa risaga walimwita Tata na kumpa kila kilicho kizito. Alipoomba kupumzika walimkumbusha kwa upole jinsi Abner alivyokuwa hachoki.

"Alikuwa hachoki kabisa?"

"Tata, wewe ndiye wa kutuambia."

Jioni Gesare alimletea ugali wa wimbi na mboga, akauweka mbali naye kwa heshima na kurudi nyuma bila kumtazama. Ulikuwa ugali mzuri. Walter alikula peke yake, akifikiria kwamba hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kiasi kile, na kwamba heshima ni aina ya jela ambayo bado hawajaijengea ukuta.

Siku mabati yalipoanza kutolewa nje, moja moja, kila moja lilipitishwa mikononi mwa watu wengi hivi kwamba hata mwizi wa kuzaliwa asingepata pa kuweka mkono. Walter akapandishwa juu ya paa. Alijaza misumari mdomoni, akaanza kupigilia. Ajabu ni kwamba alijua kupigilia. Baba yake wa Marani alikuwa fundi, na mikono ilikumbuka. Kwa muda hakufikiria soko wala mfanyabiashara. Bati lilifuata bati.

Alipogeuka, Drusilla alikuwa amesimama chini akimtazama mgongo. Hakuwa akimtazama Walter. Shati lilikuwa la Abner, na jua lilikuwa nyuma yake, na pengine kutoka chini pale mwanamume yeyote anayepigilia misumari ni mwanamume huyohuyo.

"Alikuwa anaishika mdomoni hivyo," Drusilla akasema. "Nilimkataza miaka yote. Nilimwambia ipo siku utaimeza, nibaki peke yangu."

Walter alikuwa na pole nyingi za kila namna. Lakini mdomo ulikuwa umejaa misumari, na alipoitoa yote mkononi aligundua kwamba hana hata moja inayofaa. Akairudisha mdomoni. Drusilla akaenda kuwapikia watu.

Bwana D.O. alifika siku paa lilipokamilika, pamoja na mpiga picha. Alimsimamisha Walter mbele ya nyumba, akamsogeza Drusilla pembeni kwa sababu alikuwa akitia kivuli, kisha akatoa habari njema. Jumatatu kungekuwa na baraza kubwa Nyamira. Wakubwa wangekuja. Abner Makori angesimama jukwaani awaeleze wananchi jinsi Serikali inavyojenga upya, kisha wangempeleka Kisii, kisha Kisumu, na Mungu akipenda Nairobi, kwenye maonyesho.

"Nyamira," Walter akasema.

"Nyamira sokoni. Watakuja maelfu."

Katika maelfu ya Nyamira, Walter alikadiria, mia chache walikuwa wakimtafuta. Alimshukuru Bwana D.O. kwa heshima kubwa. Akaomba ruhusa aende kwanza kando ya mto akaoge, kama inavyompasa mtu atakayeonana na wakubwa. Obura akasema nyumba imesimama, kazi yake imekwisha, mzee aende tu akaoge.

Kwenye njia ya mtoni Mzee Ongeri alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Unakwenda, Abner?"

"Nakwenda, omogaka, mzee wangu."

"Pita huku chini, huko juu kuna watu." Akamwonyesha kwa fimbo. "Na asante kwa mbuzi."

Walter alifika Kisii kwa miguu mitupu, bila koti, na viganja vya mtu mwenye heshima. Mfanyabiashara wa mabati alikuwa anamngoja. Mwenye lori pia alikuwa anamngoja, akiwa amevaa koti la sufi, ambalo, Walter alilazimika kukubali, lilimkaa vizuri zaidi.

Baraza la Nyamira lilifanyika. Bwana D.O. alieleza kwamba Abner Makori ameshindwa kufika kwa sababu ana shughuli nyingi za kujenga taifa. Picha yake ilibandikwa katika ofisi ya Kamati, na chini yake pakaandikwa kwamba huyu alirudi.

Mwaka uliofuata Drusilla alikwenda tena kuomba cheti cha kifo cha mumewe. Mtu wa dirishani alikuwa mgeni, mwenye adabu. Alitazama faili, akatazama picha ukutani, akamweleza kwamba mume wake alionekana akiwa mzima na Bwana D.O. mwenyewe, alipokea mabati, na hakuna taarifa yoyote ya kumtia mtu wasiwasi. Akamshauri awe mvumilivu. Wanaume wengi huenda mjini na kurudi. Drusilla akamshukuru.

Wenyewe, bila cheti, walifanya ibada pale juu, mahali udongo ulipotulia na nyasi kuanza kuota. Mchungaji alisoma, Nyasani alikuja kutoka Kericho, Mzee Ongeri akasema maneno machache ya rika lao. Benard Aloo naye alikuja, akasimama nyuma ya watu.

Drusilla analala katika nyumba yake. Mlango bado haujawekwa. Mbao za Serikali hazikutosha, na usiku anaziba kwa mkeka. Nyasani atapata likizo Desemba, atautengeneza.